Ziara ya Mafunzo ya Mheshimiwa

Kabla ya kuagiza chakula, ilikuwa lazima Mheshimiwa apigishe kura. Tulikuwa watu wanne au watano pale ghorofa ya pili, kwenye mkahawa wa Mchina Mwislamu kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, Guangzhou, kila mtu na njaa yake, naye alikuwa akisimama, akivuta koti lake chini, na kutangaza kwamba kuna hoja mbele ya Bunge: tule wali wa kondoo au tule tambi. Wanaounga mkono wali waseme ndio. Alisema ndio peke yake, kwa sauti ya watu kumi. Kisha aliwauliza wanaopinga, na kabla hatujafumbua vinywa alishatamka kwamba waliosema ndio wameshinda. Tulikula wali wa kondoo miaka minne mfululizo.

Alikuwa amewahi kuwa mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti yetu, kipindi kimoja tu, kisha wapiga kura wakampumzisha. Wengine wakipumzishwa hurudi shambani. Yeye alikuja Guangzhou, kwa sababu ndio mji pekee wa ng'ambo aliokuwa ameuona, akawa wakala wa kuwanunulia watu bidhaa. Mimi nilikuja kwa ufadhili wa masomo, masomo yakaisha, nikabaki kuwa mkalimani wa wafanyabiashara. Kwa kuwa tulitoka kaunti moja na mimi nilijua Kichina, alinipa cheo siku ile ile tuliyokutana. Aliniita Bi Karani. Sikuwahi kuomba cheo hicho na sikuwahi kulipwa, lakini nikichelewa kufika mezani aliandika kwenye daftari lake kwamba karani hayupo bila udhuru.

Alivaa koti na tai kila siku ya Mungu. Mtu aliyewahi kuwa Guangzhou mwezi wa Julai anajua maana yake: joto lile ni kama umefunikwa ndani ya sufuria ya wali. Kifuani alibandika beji ya bunge la kaunti, ambayo kwa haki alitakiwa kuirudisha. Tulipokuwa tukiingia kwenye treni za chini ya ardhi, pale wanapokagua mizigo, aliinua mikono juu na kutabasamu, akatueleza kwamba serikali inayomkagua mgeni ni serikali inayomthamini. Hatukuwa na moyo wa kumwambia kwamba mfuko wa vitunguu wa bibi aliyekuwa nyuma yake ulikaguliwa vilevile.

Sokoni ndiko alikonivunja mbavu. Kule Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla, muuzaji akitaja bei sisi wengine tunasema tai gui le, ghali mno, halafu tunajifanya tunaondoka. Mheshimiwa hakuondoka. Aliniamuru nimweleze muuzaji kwamba bei hiyo itapelekwa kwenye kamati. Kisha alikwenda kwenye kona ya korido, akasimama peke yake akiutazama ukuta, mara anatikisa kichwa, mara anakubali, mara ananyoosha kidole kumkemea mjumbe asiyeonekana. Akirudi alileta ripoti: kamati imejadili kwa kina na imependekeza nusu ya bei. Mwanzoni wauzaji walicheka. Baada ya mwaka mmoja waliizoea kamati yake, na laoban mmoja, mama mwenye duka la magauni, alikuwa akimtolea kigoda. Siku moja mama huyo aliniuliza kwa upole kama kamati imekula.

Bi Rukia wa Mombasa, aliyekuja mara nne kwa mwaka kununua magauni ya harusi na ulimi wake haukuwa na breki, alisema kamati ile ndiyo ya kwanza anayoijua isiyolipwa marupurupu. Mheshimiwa alimsimamisha kwa hoja ya nidhamu. Bi Rukia akamwambia nidhamu aitafute kwanza nyumbani kwake, na akamalizia tambi zake, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa haogopi kura ya wali.

Nikitaka kumweleza mtu Mheshimiwa alikuwa mtu wa namna gani, humsimulia habari ya jipu. Aliketi kwenye kamati ya afya ya kaunti kipindi chake chote, na alikuwa anaogopa sindano kuliko anavyoogopa uchaguzi. Jipu lilimtoka shingoni, mahali ambapo kola ya shati inagusa. Nilimwambia twende hospitali. Akasema suala hilo limepokelewa na litashughulikiwa. Kesho yake akaliahirisha. Kesho kutwa akaomba muda wa kushauriana na wadau, yaani akanywa maji ya moto, ambayo Wachina huyanywa kwa kila ugonjwa. Wiki ikapita shingo imekakamaa, akitaka kukutazama anageuka mwili mzima. Mwishowe jipu likapasuka lenyewe ndani ya treni. Akatoa kitambaa, akajifuta, akatutangazia kwamba suala limejitatua bila kugusa fedha za umma.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Alipokuwa bungeni aliipatia wadi yake ambulensi, jambo ambalo ni la kweli na la maana, ila aliagiza picha yake ichorwe mlangoni, kubwa, meno yote nje. Wagonjwa wakawa wanaiogopa. Mama yangu aliniambia kwamba bibi mmoja aliyekuwa akipandishwa aliitazama picha ile akauliza kama huyo ndiye marehemu wanayemfuata. Nilipomsimulia Mheshimiwa hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema kosa lilikuwa la mchoraji, ambaye hakuyatendea haki macho.

Lakini mtu huyo huyo, ukimgusia hospitali ya kaunti, alibadilika. Hapo upuuzi ulimtoka. Alizijua wodi zake zote, alijua ni bomba gani linavuja na ni muuguzi gani amefanya kazi miaka mingi bila kupandishwa daraja. Gavana alipoanza kusema hadharani kwamba hospitali ni mzigo na afadhali akabidhiwe mwekezaji aiendeshe kibiashara, Mheshimiwa hakupigisha kura siku hiyo. Tuliagiza kila mtu alichotaka, na yeye hakula. Alisema maneno ambayo bado ninayakumbuka: choo cha stendi kikibinafsishwa, mwenye haraka ndiye atakayelipa zaidi. Na mgonjwa, alisema, ndiye mwenye haraka kuliko wote.

Kila siku tangu hapo alihutubia. Alihutubia kwenye kikundi cha simu cha watu wa kaunti yetu, ambacho yeye alikuwa mmoja wa wasimamizi wake na alikuwa akiwafungia watu kwa utovu wa nidhamu; mimi nilifungiwa siku tatu kwa kutuma picha ya ua na salamu za asubuhi. Alisema pesa zipo ila zinakwenda kwenye magari na ziara. Alipotamka ziara alipiga meza hadi chupa ya pilipili ikaanguka. Nilimwamini. Nilikuwa na sababu yangu: mama yangu ana kisukari, na kila Alhamisi huamka mapema kwenda kliniki ya sukari katika hospitali hiyo hiyo, ambako dawa anapewa kwa bei anayoimudu. Mwekezaji akija na bei za soko, mama angechagua kati ya dawa na chakula, nami ninamjua, angenidanganya kwamba anapata vyote viwili.

Ndipo mama akanipigia simu akasema tangazo limebandikwa ukutani pale kliniki. Kutakuwa na kikao cha kamati kupokea maoni ya wananchi, kisha bunge litapiga kura. Tangazo lilisema uamuzi unategemea ripoti ya ziara ya mafunzo ambayo wawakilishi wa wadi waliifanya miaka saba iliyopita nchini China, ambako waliona hospitali inayoendeshwa na mwekezaji binafsi, safi, isiyo na foleni. Mama akaniuliza, wewe si uko huko huko, hospitali hiyo unaijua?

Ripoti niliipata jioni ile kwenye kikundi cha simu. Ukurasa wa pili ulikuwa na picha. Wanaume wanane na wanawake wawili wamesimama mbele ya lango, jua limewapiga usoni, na mikono yao yote iko nyuma kana kwamba wanaimba wimbo wa taifa wa nchi isiyojulikana. Nikaikuza picha. Nyuma ya miguu yao kulikuwa na mifuko ya plastiki ya Shisanhang, myeusi, mikubwa, iliyofungwa kwa utepe wa gundi. Wa tatu kutoka kushoto, koti lile lile, beji ile ile, alikuwa Mheshimiwa. Na ukurasa wa mwisho, miongoni mwa sahihi kumi zilizopendekeza hospitali yetu ikabidhiwe mwekezaji, yake ilikuwa ya kwanza na ndefu kuliko zote.

Nilikasirika. Sisemi nilisikitika, nilikasirika hasa. Na kuna jambo jingine, ambalo katika watu wote waliokuwa wakiisoma ripoti ile pengine ni mimi peke yangu niliyeweza kuliona. Juu ya lango, kwa maandishi mekundu makubwa kuliko vichwa vyao, pameandikwa kwamba hii ni Hospitali ya Wananchi ya wilaya. Ni ya serikali. Wajumbe wetu walikwenda kujifunza uzuri wa ubinafsishaji, wakapigwa picha chini ya bango linalosema kinyume, na hakuna aliyeuliza limeandikwa nini.

Siku iliyofuata nilimwekea Mheshimiwa simu yenye ile picha mezani, mbele ya Bi Rukia. Aliitazama. Kisha akasema suala hilo liko mbele ya kamati na haliruhusiwi kujadiliwa. Nikamwambia mimi sijadili, ninauliza. Akaomba lipewe muda. Bi Rukia akamwambia taratibu, "Mzee wangu, njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia hapa juu ya sahani." Mheshimiwa akavaa kofia yake akashuka ngazi, na wiki nzima hatukumwona.

Nilimfuata chumbani kwake. Alikuwa amekaa juu ya makatoni, kwa sababu chumba chote kilijaa makatoni. Alipanga kugombea tena kiti chake uchaguzi ujao, na alikuwa ameshaagiza saa za ukutani zenye sura yake za kuwagawia wapiga kura. Kiwanda kiliweka mhimili katikati ya picha, kwa hiyo mishale ya saa ilitokea puani kwake. Yeye aliona ni sawa tu, kila anayetaka kujua saa atamtazama. Siku hiyo saa zote zilikuwa zikienda ndani ya makatoni na chumba kizima kilikuwa kinagonga tiki-tiki, na yeye katikati bila koti. Nilikuwa sijawahi kumwona bila koti. Alikuwa mzee mwembamba tu.

Akanieleza bila hoja ya nidhamu hata moja. Ziara ilikuwa ya siku saba. Hospitali ilipangiwa siku moja, lakini asubuhi hiyo mwenzao mmoja alisikia Shisanhang hufunga mapema, basi wakakubaliana kupitia hospitali njiani. Wakashuka, wakapiga picha langoni, wakapanda. Ndani hawakuingia. Ripoti ilikuja na mtaalamu mshauri wa gavana, imeshaandikwa tangu nyumbani. Waliitia sahihi uwanja wa ndege wa Baiyun, kwenye foleni ya kupima mizigo, wakati kila mtu anahamisha viatu kutoka sanduku hili kwenda lile ili asitozwe uzito uliozidi. Aliweka karatasi juu ya sanduku akasaini. Hakusoma hata mstari mmoja. Alisaini kwa urefu kwa sababu alijisikia mtu mkubwa.

Nikamwambia aende mbele ya kamati aseme hivyo hivyo. Inaruhusiwa kwa video. Akanijibu kwamba mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa kwenye ziara ile ile, na chama kiko mkononi mwake, na akisema neno, tiketi ya kugombea ataisikia kwenye bomba. Alisema ana miaka sitini na mitatu na hana kitu kingine alichowahi kukijua zaidi ya kuwa mheshimiwa. Nikamwambia mama yangu huenda kliniki Alhamisi, nikaondoka.

Siku ya kikao nyumbani ilikuwa saa nne asubuhi, kwetu saa tisa alasiri, na mkahawa ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimejiandikisha kutoa maoni mimi mwenyewe. Nimeshaegemeza simu kwenye chupa ya pilipili, nimeshaona ukumbi umejaa kina mama na mwenyekiti ameketi mbele na suti ya kijivu, nikasikia koti linavutwa chini nyuma yangu. Mheshimiwa akaniomba nafasi yangu.

Mwenyekiti alipomwona alijaribu kusema kwamba muda wa wachangiaji wa ng'ambo umekwisha. Mheshimiwa akamtajia kanuni, kifungu na kijifungu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona upuuzi ule wote una kazi. Akapewa dakika tatu.

"Mwenyekiti," alisema, "ile hospitali hatukuiona. Tulipiga picha langoni tukaenda kununua nguo. Mimi nilinunua mashati, na wewe ulinunua suti mbili, na moja umeivaa leo. Ripoti niliisaini bila kuisoma, nikiwa juu ya sanduku, na nimekuja kuitoa sahihi yangu."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko hadi picha ikatikisika. Mwenyekiti alishika ukosi wa suti, akauachia, akaushika tena. Mheshimiwa alingoja kimya kirudi, kisha akanigeukia akaniambia, "Bi Karani, wasomee lango." Nikaisogeza ile picha mbele ya kamera nikasoma, Kichina kwanza, kisha Kiswahili, na nikaeleza kwamba hospitali waliyoisifu kwa kubinafsishwa ni ya umma mpaka leo. Pale ndani ya ukumbi mama mmoja alisimama na kadi yake ya kliniki akiwa ameiinua juu. Hakuwa mama yangu, lakini nililia kama ndiye.

Kamati ilishindwa kuipitisha ripoti, na pendekezo likarudishwa kwa gavana. Halijafa, mambo ya namna hiyo hayafi, hulala tu. Lakini kliniki ya sukari ipo, na mama huenda Alhamisi. Mheshimiwa tiketi alinyimwa kama alivyotabiri, na wenzake waliokuwa wasimamizi pamoja naye wakamwondoa kwenye kikundi cha simu alichokianzisha mwenyewe. Mezani aliendelea kupigisha kura ya wali, ila sasa alikuwa anahesabu na waliosema la, na mara nyingi tulikula tambi. Saa zake aliziuza rejareja. Kinyozi mmoja wa mtaa wa Xiaobei anayo moja mpaka leo, na wateja wake humuuliza kama yule ni babake.

Mara ya mwisho kumwona hapa Guangzhou ilikuwa majira ya machipuko, wiki moja kabla hajarudi nyumbani moja kwa moja. Alinipigia simu akaniomba nifike kituo fulani cha treni saa moja na nusu asubuhi, bila kuniambia tunakwenda wapi. Nilidhani ni kununua zawadi. Tulipotoka juu nikayaona yale maandishi mekundu juu ya lango.

Alisimama pale pale waliposimama kupigwa picha, akatazama chini kidogo, kisha akaingia. Foleni ilianzia mlangoni. Wazee walikuwa wamebeba mifuko ya picha za eksirei, watoto wanalia, watu wanagombana na mashine ya kutoa namba. Mheshimiwa alitoa daftari. Alitaka kujua kila kitu: nani anamlipa daktari, bima inatoa kiasi gani, asiye na kitu anafanyaje. Bibi mmoja tuliyemuuliza alilalamika robo saa nzima kwamba dawa ni ghali na daktari hamwangalii usoni, nami nikatafsiri yote, na yeye akaandika yote, pamoja na hilo la usoni. Alikuwa anatoka jasho, na kila alipopita mtu na sinia la sindano alifumba macho. Hakuondoka.

Mwishowe tulifika kwenye meza ya maulizo. Muuguzi, msichana mwenye macho ya usingizi, aliuliza mzee anaumwa nini na anataka kwenda idara gani. Nilimgeukia. Alikuwa anafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama mtu anayengoja kuitwa jina.

"Mwambie siumwi," alisema. "Mwambie watu wa wadi yangu walinituma nije niiangalie hospitali hii, na kwamba nimechelewa miaka saba."

Nilimtafsiria muuguzi neno kwa neno. Muuguzi alimtazama mzee, akatazama foleni iliyokuwa nyuma yetu, akasema basi akae pembeni aangalie, ila asiwazuie wagonjwa. Mheshimiwa akamshukuru, akaenda kusimama pembeni, akaanza kuandika.